Retinoli kwenye ngozi nyeusi: namna ya kuanza bila kujiunguza

Wengi wanaoiacha retinoli, kiambato cha krimu za usiku za kupunguza chunusi, madoa na mikunjo, huiacha wiki ya pili au ya tatu. Ngozi imeanza kubanduka pembeni mwa pua, sabuni ya siku zote sasa inachonyota, na shavuni pametokea weusi ambao haukuwepo. Chupa inatupwa na mtu anaapa kwamba kitu hicho hakimfai. Mara nyingi retinoli yenyewe haina kosa. Mtu amepaka kila usiku tangu siku ya kwanza, amepaka nyingi, tena juu ya uso uliokwisha kusuguliwa na skrabu.

Kwa mtu mweupe, haraka hiyo huleta wekundu unaopita baada ya siku chache. Kwa mweusi au wa maji ya kunde hesabu ni nyingine. Ngozi yenye melanini (rangi ya asili ya ngozi) nyingi ikichokozwa hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi, na muwasho wa siku tatu unaweza kuacha doa la miezi. Mtu ameanza retinoli ili aondoe madoa, akaishia kuyaongeza. Ndiyo maana ninayoyaeleza hapa yanakwenda polepole kuliko maelekezo yaliyobandikwa kwenye boksi.

Retinoli ni aina ya vitamini A. Ikiingia kwenye ngozi haifanyi kazi papo hapo. Vimeng'enya vya ngozi huigeuza kwanza kuwa retinali, kisha retinali kuwa asidi ya retinoiki, na hiyo asidi ndiyo inayofika kwenye kiini cha seli na kubadili mwenendo wake. Katika kila hatua kiasi fulani hupotea. Kwa sababu hiyo krimu ya tretinoini, ambayo ni asidi yenyewe iliyo tayari, ina nguvu mara nyingi kuliko retinoli ya asilimia ileile, na inachokoza zaidi vilevile. Retinali iko katikati ya hizo mbili. Retinili palmitati iko hatua moja nyuma ya retinoli, na ni dhaifu kiasi kwamba sioni sababu ya kuilipia bei ya seramu.

Asidi hiyo huzifanya seli zijigawe upesi. Zilizokufa juu huondoka mapema, vitundu vya ngozi havizibi kirahisi na chunusi hupungua. Melanini iliyorundikana huondoka pamoja na seli hizo, madoa yakafifia. Chini zaidi, kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, huongezeka na mikunjo midogo hupungua. Yote haya huchukua muda, maana tabaka la juu la ngozi hujifanya upya kwa takribani wiki 4 kwa kijana, na zaidi ya hapo umri ukisogea. Usitoe hukumu kabla ya wiki 12. Madoa ya zamani yape miezi 6. Mikunjo isubiri hata zaidi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa tretinoini. Iliidhinishwa Marekani kutibu chunusi mwaka 1971, kutokana na kazi ya Albert Kligman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1995 ikaidhinishwa kwa ngozi iliyozeeshwa na jua. Retinoli ni ndugu yake mpole anayeuzwa bila cheti cha daktari. Mwenye chunusi nyingi zenye usaha asipoteze fedha kwa retinoli. Amwone daktari wa ngozi kuhusu tretinoini au adapalini, dawa nyingine ya jamii hiyo.

Kununua

Anza na asilimia 0.1 hadi 0.3. Kwenye maduka ya Kariakoo au River Road utakuta chupa zimeandikwa asilimia 1, au hata 2.5, na muuzaji atakwambia hizo ndizo kali. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2024, umeweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa vipodozi vya uso na 0.05 kwa losheni za mwili, ili jumla ya vitamini A inayoingia mwilini kupitia chakula na vipodozi isizidi. Bidhaa mpya zililazimika kufuata kikomo hicho kuanzia Novemba 2025. Ikiwa asilimia 0.3 inawatosha watengenezaji wakubwa wa Ulaya, anayeanza hana haja ya 1.

Tazama vizuri ile asilimia ni ya nini. Baadhi ya lebo hutaja asilimia ya mchanganyiko mzima ambao ndani yake retinoli ni sehemu ndogo tu. Pia usihukumu kwa nafasi ya jina kwenye orodha ya viambato: vilivyo chini ya asilimia 1 huruhusiwa kupangwa kwa mpangilio wowote, kwa hiyo retinoli kuwa mwishoni si dalili ya udhaifu. Kama kampuni haikuandika kiasi popote, chukua nyingine.

Retinoli huharibiwa na mwanga, hewa na joto. Nunua tyubu ya aluminiamu au chupa ya pampu isiyopitisha mwanga. Kikopo cha mdomo mpana huingiza hewa na vidole kila usiku. Chupa ya kioo cheupe iliyokaa juani kwenye meza ya muuzaji usiinunue hata kwa punguzo.

Kuna jambo lingine kubwa kuliko hayo. Katika maduka ya vipodozi, na hata baadhi ya maduka ya dawa, zinauzwa tyubu ndogo za gramu 15 au 20 kwa jina la "krimu ya madoa". Geuza tyubu usome nyuma. Ukikuta Tretinoin na Hydroquinone, na jina la tatu kama Mometasone, Fluocinolone, Betamethasone au Clobetasol, hiyo ni dawa ya viungo vitatu: tretinoini ya kuharakisha seli, haidrokwinoni ya kuzima rangi, na steroidi ya kutuliza muwasho. Asili yake ni fomula aliyoichapisha huyo huyo Kligman mwaka 1975, kwa ajili ya mabaka meusi ya usoni. Mikononi mwa daktari hutumika kwa wiki chache zilizohesabiwa, kisha inasimamishwa.

Mtaani hutumika kwa miaka, na inavutia kwa sababu steroidi huficha kila onyo. Uso haubanduki, hauchonyoti, unang'aa ndani ya siku 10. Ngozi huku inakonda, vishipa vidogo vinaanza kuonekana, na siku mtu akiacha, uso unawaka, unavimba na kujaa vipele. Anarudi kwenye tyubu kwa sababu ndiyo pekee inayomtuliza. Haidrokwinoni nayo ikitumika muda mrefu inaweza kuleta okronosisi, weusi wa bluu-kijivu ambao ni mgumu mno kuondoa. Tanzania, Kenya na Rwanda zote zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini tyubu bado zinapita. Basi ukisikia mtu anasema "retinoli ilininyoosha uso kwa wiki moja," muulize alitumia nini hasa.

Kama umekuwa kwenye mkorogo wa aina yoyote, usiongeze retinoli juu yake, wala usiruke kutoka huu kwenda ule. Mwone daktari akusaidie kuacha steroidi, na uache ngozi itulie kwa miezi. Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha madaktari wa ngozi na matabibu waliosambaa mikoani na nchi jirani, kwa hiyo ulizia kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe.

Usiku wenyewe

Kwanza jaribu. Paka kidogo chini ya taya, mahali pamoja, usiku mitatu. Pakibaki salama, endelea usoni.

Osha uso kwa sabuni laini ya uso na maji ya kawaida. Sabuni ya kipande ya kuogea humaliza mafuta ya ngozi kabla hata hujaanza. Futa kwa kugusagusa taulo, kisha subiri dakika 20. Watu huruka hatua hii kwa sababu ya usingizi, lakini ngozi yenye majimaji hupitisha dawa nyingi zaidi kwa mara moja, na hapo ndipo kuchonyota kunakoanzia. Wakati unasubiri, paka vaselini nyembamba kwenye pembe za macho, mikunjo ya pua na pembe za mdomo. Dawa hupenda kujikusanya humo, na ndimo ngozi hupasuka kwanza.

Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima, kama robo hadi nusu gramu. Hata kwa anayepaka kila usiku, tyubu ya gramu 30 inapaswa kufika miezi miwili. Ikiisha mapema, unapaka nyingi. Gawa punje hiyo kwa nukta nne: paji la uso, mashavu mawili, kidevu. Sambaza kutoka katikati kwenda nje, mbali na kope. Kinachobaki kwenye vidole pitisha puani. Shingo iache hadi mwezi wa pili, maana ngozi yake ni nyembamba na haisamehe. Usipake juu ya doa moja moja pia. Utachokoza pembeni mwa doa na kulichorea duara jeusi, na chunusi zinazojiandaa kutoka kwingine hazitaguswa.

Halafu krimu ya kulainisha, ile isiyo na manukato, yenye glisirini au seramaidi. Kwa mwezi wa kwanza, au kama ngozi yako ni kavu, tanguliza krimu, paka retinoli, kisha krimu tena. Nguvu inaweza kupungua kidogo, lakini dawa dhaifu utakayoivumilia mwaka mzima inakufaa kuliko kali utakayoitupa baada ya siku 20. Mafuta ya nazi kwa mwenye chunusi ni kujitafutia vipele. Na vaselini nzito juu ya retinoli, kwa anayeanza, huifunika na kuisukuma ndani zaidi. Iache kwenye zile pembe tu.

Wiki mbili za kwanza paka usiku miwili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Zikipita bila kuchonyota, paka usiku mmoja na kupumzika miwili, hadi wiki ya sita. Kisha usiku mmoja ndio, mmoja hapana. Wengi hawahitaji kuvuka hapo, na mimi sioni aibu kukaa hapo miaka. Anayetaka kila usiku afike huko baada ya miezi mitatu, na asibadili siku na asilimia kwa pamoja: ongeza siku kwanza, maliza tyubu, ndipo ufikirie kupanda kutoka 0.3 kwenda 0.5.

Usiku wa kupumzika ni wa sabuni na krimu peke yake. Asidi ya glaikoliki, asidi ya salisiliki, skrabu, kitambaa cha kusugulia, liwa yenye chembe, vyote vikae pembeni kwa miezi miwili ya kwanza. Baadaye asidi inaweza kurudi usiku mmoja kwa wiki ambao si wa retinoli. Benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka ya chunusi, huioksidisha retinoli, na tretinoini vilevile, kwa hiyo itumie asubuhi. Adapalini huivumilia. Vitamini C nayo ni ya asubuhi. Niasinamaidi, aina ya vitamini B3, inakaa na yeyote, tena husaidia ukuta wa ngozi.

Mambo yanapoharibika

Vitabu vingi vitakwambia utazame wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, au unaonekana kama zambarau au weusi uliokolea. Tafuta dalili nyingine: ngozi inayovuta kama imekazwa baada ya kuosha, mng'ao wa plastiki usio wa mafuta, ukavu wa kijivu usiokwisha kwa krimu, na uso kuchonyota jasho likitiririka. Hii ya mwisho ndiyo ya kuaminika zaidi. Dar au Mombasa jasho hukupa jibu kabla hujafika kazini.

Magamba machache bila maumivu ni ya kawaida katika wiki za mwanzo. Ukiona kuchonyota, simamisha retinoli kabisa. Usipunguze, simamisha. Endelea na sabuni laini, krimu mara mbili kwa siku na kinga ya jua hadi krimu yenyewe isichonyote hata kidogo, jambo linaloweza kuchukua siku chache au wiki mbili. Kisha rudi hatua moja chini ya ulipokuwa. Magamba usiyabandue kwa kucha wala skrabu. Yalainishe kwa krimu, yataondoka.

Chunusi kuongezeka kunahitaji kupambanuliwa. Retinoli inaweza kuharakisha zile zilizokuwa zinajiandaa chini, zikatoka zote kwa mkupuo. Hizo hutoka mahali unapopata chunusi siku zote, hukauka upesi, na hupungua ndani ya wiki 6 hadi 8. Vipele vidogo vingi vinavyowasha, mahali ambapo hujawahi kuwa na chunusi, ni muwasho au mzio. Kuvumilia hapo hakuna faida. Uvimbe wa kope au malengelenge ni safari ya hospitali.

Wanaofanya wax usoni au kutoa nyusi kwa uzi waache retinoli siku 7 kabla, na mwambie msusi wako. Tabaka la juu limekuwa jembamba, na wax inaweza kuling'oa pamoja na nywele. Juu ya mdomo ndipo ajali hii hutokea zaidi, na alama yake haifichiki.

Wanaume wenye vipele vya kunyolea shingoni na kidevuni wanaweza kunufaika pia, kwa kuwa retinoli hupunguza ngozi ngumu inayouzuia unywele kutoka nje. Wasipake usiku wa siku waliyonyoa. Na kunyoa wembe mpaka chini kabisa kukiendelea, hakuna krimu itakayowasaidia sana.

Hali ya hewa hubadilisha ratiba. Nairobi au Arusha mwezi wa Julai, hewa ya baridi inaweza kukurudisha kutoka usiku wa kupishana hadi mara mbili kwa wiki. Ofisi yenye kiyoyozi siku nzima, au majira ya baridi kwa walioko Ulaya, hufanya hivyo hivyo.

Asubuhi: osha kwa maji au sabuni kidogo, krimu, kisha mafuta ya kukinga jua ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Ukishindwa kununua kinga ya jua, usinunue retinoli. Fedha zako zitapotea bure. Ni kweli melanini inakinga. Ngozi nyeusi imekadiriwa kuwa na kinga ya asili inayokaribia SPF 13. Inatosha kuchelewesha kuungua, lakini haitoshi kuzuia madoa yasirudi. Kiasi cha kupaka ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Ukipaka nusu hupati namba iliyoandikwa. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa 2. Mwenye bodaboda na mama wa gengeni waongeze kofia pana au mtandio.

Zile zinazoacha uso wa majivu zina zinki au titani nyingi bila rangi. Tafuta yenye rangi ya kahawia kutokana na oksaidi ya chuma. Mbali na kufanana na ngozi, oksaidi hiyo huzuia sehemu ya mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi unaweza kuamsha mabaka hata kama miale ya UV imezuiwa. Mwenye mabaka ya mashavuni yaliyoanza na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango anaihitaji kuliko mtu yeyote.

Kuhusu ujauzito hakuna mjadala: usitumie, na acha mara unapoanza kutafuta mtoto. Vitamini A ya dozi kubwa na vidonge vya isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi kali, huharibu kiumbe tumboni. Krimu hupenya kidogo sana kwenye damu, kwa hiyo aliyepaka kabla hajajua ana mimba aache, amwambie mkunga au daktari kliniki, na asiishi kwa hofu. Badala yake kuna asidi ya azelaiki, ambayo hutumika katika ujauzito kwa chunusi na madoa pia. Anayenyonyesha amuulize daktari kwanza, na asipake chochote cha aina hii karibu na titi.

Tyubu ikae kabatini chumbani, kifuniko kimefungwa. Bafuni kuna mvuke. Kwenye dashibodi ya gari itakufa ndani ya wiki. Rangi ya manjano ni ya retinoli yenyewe. Ikigeuka kahawia au ikinuka kama mafuta yaliyochacha, tupa. Nyuma kuna alama ya kikopo kilichofunguliwa na namba kama 6M au 12M, yaani miezi tangu ulipofungua, na wala si tangu uliponunua. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkia wa tyubu, na ufanye vivyo hivyo kwenye kinga ya jua.